Pua Inayotafuta Ugonjwa: Mbwa, Panya na Saratani kutoka Nyanda za Kpandroma hadi Morogoro

Kpandroma ni mji wa soko katika wilaya ya Djugu, jimbo la Ituri nchini Kongo, kaskazini mwa Bunia, uliojengwa juu ya nyanda baridi ambazo upande wa mashariki huporomoka kuelekea Ziwa Albert, na upande wa magharibi, baada ya vilima vingi vya mashamba na malisho, hufika ukingoni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Katika vitabu vya historia ya tiba, nyanda hizi pamoja na majirani wa Kpandroma kama Rethy na Blukwa hutajwa hasa kwa ajili ya tauni, ugonjwa unaobebwa na panya na kuenezwa na viroboto wao. Ni nadra kutajwa zinapoandikwa habari za wanyama wanaofundishwa kunusa maradhi, kwa maana habari hizo kwa kawaida huanzia London, kwa mbwa aliyenusa saratani ya ngozi, na huishia katika maabara za Ulaya na Marekani. Hata hivyo historia hiyo ina mzizi wa pili, ulioota kati ya nchi za maziwa makuu na Milima ya Uluguru ya Tanzania, ambako watu walijifunza kuusoma ugonjwa kwa kumtazama mnyama zamani kabla ya mbwa wa London, na ambako baadaye lilipatikana jambo ambalo watafiti wa saratani walihangaika nalo kwa miaka mingi, yaani kazi ya kila siku ambamo pua ya mnyama haiaminiwi mpaka maabara iithibitishe.

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kutajwa, kwa kuwa katika misitu ya kaskazini mashariki mwa Kongo matumizi ya pua yake ni ya kale sana. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, alipowafikia Wazande na Wamangbetu mnamo 1870, alieleza juu ya mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao walivishwa kengele ya mbao shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Kengele hiyo ilikuwa na sababu iliyofikiriwa vizuri, kwani mbwa wa aina hii habweki kama mbwa wengine, na mwindaji asingeweza kumfuata akiwa ndani ya kichaka bila mlio wa mbao kumwonyesha alikoelekea na kasi anayokwenda nayo. Waefe wa msitu wa Ituri, ambao huwinda kwa upinde na mshale, waliwatumia mbwa hao kuwatoa paa wadogo mafichoni, na mwindaji aliyeusikiliza mlio wa kengele aliweza kutambua ni wakati gani mbwa amepata harufu na ni wakati gani anazunguka tu. Hapo ndipo ilipo misingi ya kazi yote ya kunusa iliyofuata, kwa sababu mnyama hutoa ishara na binadamu hujifunza kuifasiri, na mnyama mwenye pua kali asiyekuwa na mtu wa kumfasiri hana faida kwa mtu yeyote.

Mbwa hao walipelekwa Uingereza mwaka 1895 na kuonyeshwa katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, lakini wale wa kwanza walikufa kwa maradhi ya mbwa, na ikachukua hadi miaka ya 1930 kabla ya uzao wao kushika mizizi huko, ambako leo wanajulikana kwa jina la basenji. Jambo la kusikitisha ni kwamba Ulaya iliwachukua kwa uzuri wa umbo na kwa ajabu ya ukimya wao, na maarifa ya wawindaji waliowalea hayakuandikwa kwa uangalifu uleule. Utaalamu wa kufuata harufu uliporudi mashariki mwa Kongo katika sura ya kitaasisi, mwaka 2011, ulirudi na mbwa wa uzao wa Ulaya, wale wenye masikio marefu yanayoning'inia, waliofundishwa pamoja na askari wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga kufuata nyayo za majangili.

Panya ana historia nyingine kabisa katika nyanda za Djugu. Tauni ya eneo la Ziwa Albert ilianza kufuatiliwa na madaktari wa serikali ya Kibelgiji mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadaye maabara maalumu ya tauni ikawekwa Blukwa, katika nyanda hizi hizi. Chanzo chake kilikuwa kimekwisha kujulikana duniani, kwani Alexandre Yersin alimtambua bakteria wa tauni Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayeuhamisha ugonjwa kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Hali ya maisha ya nyanda za juu ilimpa panya kila alichohitaji, kwa sababu baridi na mvua ziliwalazimu watu kuhifadhi mahindi na maharage ndani ya nyumba walimolala, na wengi walilala chini juu ya mkeka, karibu kabisa na mahali viroboto walipoanguka pindi panya alipokufa. Daktari Devignat, mmoja wa watafiti wa tauni katika Kongo ya Wabelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1951 mgawanyo wa bakteria huyo katika aina tatu kufuatana na tabia zake za kikemia, mgawanyo ambao ulitumiwa na wanasayansi wa dunia nzima kwa muda mrefu sana. Ugonjwa wenyewe haukuisha, na kanda ya afya ya Rethy, ambayo ni jirani ya Kpandroma, ilikuwa bado ikitoa wagonjwa wa tauni katika karne ya 21, wakati maeneo mengi ya dunia yalikuwa yameusahau.

Katika mazingira ya namna hiyo, mtu hahitaji darubini ili ajue kwamba mnyama huugua kabla yake. Panya wakianza kufa ovyo ndani ya nyumba, bila sumu wala paka, wenye uzoefu wa tauni hujua kwamba kifo kipo njiani na kwamba nyumba hiyo si salama kulala. Madaktari walilichukua jambo hilo na kulipa utaratibu, wakawa wanakusanya mizoga ya panya na kuipasua, na katika sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki wakaongeza mbwa. Wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ilipatwa na tauni tangu mwaka 1980, na kwa muda wa zaidi ya miaka 20 ikawa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Huko mtafiti Bukheti Kilonzo na wenzake walichukua damu ya mbwa wa vijijini na kutafuta ndani yake kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza baada ya kupambana na kijidudu fulani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1993. Mbwa hula panya, huumwa na viroboto wao, na mara nyingi hupona tauni bila kuonyesha dalili kubwa, kwa hiyo damu yake huhifadhi habari za ugonjwa uliopita kijijini hata kama hakuna mtu aliyefika zahanati. Mbwa huyo hakufundishwa kitu chochote, lakini alikuwa tayari ametumika kama kipimo, na kazi hiyo ilifanywa na watu wa kituo cha utafiti wa panya na viumbe waharibifu cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kituo ambacho kwa miaka mingi kilishughulika na panya kama adui wa mahindi na mbebaji wa maradhi.

Ni katika kituo hicho hicho panya alipogeuzwa kuwa mfanyakazi. Mbelgiji Bart Weetjens alikuwa ametoa wazo katika miaka ya 1990 kwamba panya anaweza kufundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na shirika la APOPO alilolianzisha na wenzake mwaka 1997 lilihamia Morogoro mwaka 2000, kwa kuwa huko kulikuwa na wataalamu waliowajua panya wa Afrika kwa undani na uhusiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Antwerp. Aliyechaguliwa alikuwa panya buku, mnyama mwenye uzito wa kilo moja hivi au zaidi kidogo, mwenye mifuko mashavuni ya kubebea chakula, asiyeona vizuri lakini mwenye uwezo mkubwa wa kukitafuta kwa harufu chakula alichokificha chini ya udongo. Katika Kongo jamaa zake huwindwa na kuuzwa sokoni kama nyama, na watu wa nyanda za Djugu, waliofundishwa na tauni kumwogopa kila panya, wangekuwa na haki ya kushangaa waliposikia kwamba mnyama wa jamii hii amepewa mshahara wa ndizi. Anaishi hadi miaka minane hivi, na kwa hiyo miezi tisa ya mafunzo hulipa.

Kutoka kwenye mabomu, wataalamu wa Morogoro walihamia kwenye kifua kikuu. Hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki wakati huo zilipima ugonjwa huo kwa kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi na kuyatazama kwa darubini, njia ambayo ni ya bei nafuu lakini huwakosa wagonjwa wengi, hasa wale wenye bakteria wachache na watoto wasioweza kutoa makohozi ya kutosha. Utafiti wa kwanza mkubwa wa Morogoro ulichapishwa mwaka 2009, na huduma yenyewe, ambayo ilianza mwaka 2007 kwa kukusanya sampuli kutoka zahanati za Tanzania, ilikuwa imekwisha kupata mwendo wake.

Mwendo huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Sampuli za makohozi hupashwa moto kwanza ili bakteria wafe na wasiwadhuru wahudumu, kisha huwekwa kwenye vikombe chini ya sakafu ya kizimba kirefu chenye matundu kumi yaliyopangwa kwa mstari. Mhudumu hufungua tundu moja baada ya jingine, na panya hupita akinusa. Akipita haraka, sampuli huhesabiwa kuwa safi, na akiishikilia pua yake juu ya tundu kwa sekunde tatu, huhesabiwa kwamba ameonyesha ugonjwa. Kama sampuli hiyo ni mojawapo ya zile ambazo zahanati ilikwisha kuzithibitisha kuwa na bakteria, husikika mlio mfupi wa kubofya, na panya hukimbilia kwenye bomba la sindano lisilo na ncha ambamo hupewa uji wa ndizi. Kama ni sampuli ambayo zahanati iliiita safi, panya hapewi kitu, kwa kuwa hakuna mtu chumbani anayejua bado kama amepatia au amekosea, na sampuli hiyo hurudishwa maabara ikachunguzwe upya kwa darubini yenye nguvu zaidi. Mgonjwa hahesabiwi kuwa mgonjwa kwa neno la panya peke yake. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa darubini hadi siku nne, na kwa njia hiyo idadi ya wagonjwa waliogunduliwa na zahanati zinazoshiriki iliongezeka kwa takriban 40%. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, utafiti ulioongozwa na Georgies Mgode na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha ongezeko la 67.6%. Mgode ndiye pia aliyeuliza swali ambalo wengi wangeliruka, yaani panya ananusa nini hasa, bakteria wa kifua kikuu mwenyewe au vijidudu vingine vinavyoishi kooni na mapafuni, na akawapima panya kwa bakteria waliooteshwa mmoja mmoja maabarani ili kulijibu.

Habari za mbwa wa saratani zilianza mbali na huko. Mwaka 1989 madaktari wawili wa London, Hywel Williams na Andrew Pembroke, waliandika katika jarida la Lancet juu ya mwanamke ambaye mbwa wake alikuwa akinusa kila mara baka moja la mguuni mwake, hata lilipofunikwa na suruali, huku akiyaacha mengine. Baka hilo lilipokatwa likakutwa kuwa melanoma, saratani ya ngozi inayoua haraka. Maelezo ya kisayansi yalikuja baadaye: seli za saratani hubadilisha namna zinavyotumia chakula chao, na mabadiliko hayo huzalisha kemikali nyepesi zinazofuka hewani na kutoka katika pumzi, mkojo, jasho na ngozi. Pua ya mbwa, ambayo ina vipokezi vya harufu vinavyofikia milioni 300 ikilinganishwa na milioni chache za binadamu, inaweza kuzitambua zikiwa kidogo mno.

Jaribio la kwanza lililopangwa vizuri lilichapishwa mwaka 2004 na Carolyn Willis na wenzake wa Amersham, Uingereza, ambao walifundisha mbwa sita kunusa saratani ya kibofu katika mkojo. Katika kila duru mbwa alitafuta mkojo mmoja wa mgonjwa kati ya saba, na wote kwa pamoja walipatia mara 22 kati ya 54, yaani 41%, ilhali kubahatisha tu kungewapa 14%. Hiyo si alama ya kutegemewa hospitalini, lakini ndani ya jaribio hilo mlitokea jambo lenye uzito kuliko alama zenyewe: wakati wa mafunzo, mbwa wote waling'ang'ania sampuli moja ya mtu aliyehesabiwa kuwa mzima, na alipopimwa upya akakutwa na saratani ya figo. Miaka miwili baadaye Michael McCulloch na wenzake wa California walitoa matokeo ya pumzi za wagonjwa wa saratani ya mapafu ambamo mbwa walipatia karibu 99%, na dunia ikasisimka.

Msisimko huo ulipunguzwa na majaribio yaliyofuata, na hapo ndipo Morogoro inapowafaa wasomaji wa habari hizi. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walieleza jinsi mbwa waliofanya vizuri sana katika mafunzo ya kunusa saratani ya tezi dume walivyoshindwa walipopewa sampuli mpya kabisa, katika jaribio ambalo hata waangalizi hawakujua jibu. Ilidhihirika kwamba mbwa walikuwa wamekariri sampuli, kila mkojo na harufu ya mwenyewe, badala ya kujifunza harufu ya ugonjwa, kwa sababu sampuli zilikuwa chache na zilirudiwa mara nyingi. Panya wa Morogoro hawakuwa na nafasi ya kukariri, kwa kuwa kila siku zahanati zilileta makohozi ya watu wengine, na malipo yao yalitegemea jibu ambalo maabara ilikuwa imelitoa kabla. Umaskini wa vifaa, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa upungufu wa utafiti wa Afrika, hapa ulizaa utaratibu bora, kwani mnyama aliingizwa moja kwa moja katika mkondo wa wagonjwa halisi na hakubaki kwenye sampuli teule za chumba cha majaribio. Ni kweli kwamba saratani ni ngumu zaidi, maana ina aina nyingi na haina kijidudu kimoja chenye harufu yake, na kwamba hata panya hawakukubaliwa duniani kuwa kipimo kinachojitegemea. Lakini miradi ya saratani iliyokuja baadaye, kama ule wa KDOG ulioanzishwa mwaka 2016 na Taasisi ya Curie ya Ufaransa, ambamo mbwa hunusa kitambaa kilichokaa usiku kucha juu ya titi la mwanamke, imejengwa juu ya tahadhari zilezile.

Saratani nayo ina historia yake karibu na Kpandroma. Ng'ambo ya mpaka, katika West Nile ya Uganda, hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua ilikuwa na daktari Ted Williams, aliyesafiri mwaka 1961 pamoja na Denis Burkitt wa Kampala na daktari wa tatu, Cliff Nelson, kwa gari kuukuu, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama imewahi kuona watoto wenye uvimbe wa taya. Burkitt alikuwa ameueleza uvimbe huo mwaka 1958, nao ukaitwa kwa jina lake. Ni saratani ya chembe za kinga ya mwili inayowapata watoto wa nchi zenye malaria nyingi, na inatibika vizuri kwa dawa ikigunduliwa mapema. Ilijulikana kwa jicho na kwa mkono, kwa uso wa mtoto uliokwisha kuvimba, yaani ilipokuwa imechelewa kiasi. Katika ukanda huo huo daftari za Kuluva, zilizotunzwa mwaka hadi mwaka, ziliwawezesha watafiti kuonyesha mahali ugonjwa ulipozidi na mahali ulipopungua, na katika miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walichukuliwa damu ili kuthibitisha uhusiano wa uvimbe huo na virusi vya Epstein-Barr.

Kwa hiyo ukanda wa Ziwa Albert haujawahi kukosa watu wa kuangalia, wala wanyama wa kutoa ishara. Kilichokosekana ni hatua ya pili, ile ya maabara. Mbwa au panya akionyesha kwamba sampuli ya mtu fulani ina saratani, lazima awepo wa kuipiga picha sehemu inayoshukiwa, wa kukata kipande cha nyama, wa kukisoma chini ya darubini na kutoa jina la ugonjwa, kisha dawa ziwepo. Katika nyanda za Djugu, ambako vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 na machafuko yaliyorudi tangu mwisho wa 2017 yamewahamisha watu kwa maelfu na kuwatenga na hospitali zao, hatua hizo ni safari ya kwenda Bunia au kuvuka mpaka, na wengi huishia njiani. Panya wa Morogoro waliongeza wagonjwa waliogunduliwa kwa sababu nyuma yao kulikuwa na darubini ya kuthibitisha, wahudumu wa kumtafuta mgonjwa nyumbani kwake, na dawa za kifua kikuu zinazotolewa bure. Wilaya itakayotaka mbwa wa saratani itabidi ianze kwa kuajiri msomaji wa darubini.